Kikao Kimekwisha Mapema

"Hiyo ya Septemba usiisome, Lorna. Itie tu kwenye bahasha pamoja na zingine."

Lorna Thibodeau alikuwa ameshaisoma. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili, wakati Phyllis Aldrich, mwenyekiti wa bodi ya ushauri wa mazingira ya mji wa Tarrant Falls, amempa mgongo anahangaika na birika kubwa la kahawa. Kikao kilikuwa kianze saa kumi na moja na nusu. Lorna, mjumbe na katibu wa bodi tangu mwaka jana, alikuwa anakusanya kumbukumbu zote za vikao vilivyowahi kuzungumzia kivuko cha posta, mahali pa waenda kwa miguu kuvukia barabara, kwa sababu maombi ya fedha yalitakiwa yafike jimboni kesho, na jimbo la Maine halitoi fedha bila makaratasi.

Karatasi ya Septemba, mwaka juzi, ilisema hivi: "Saa kumi na mbili na dakika tano jioni, mjumbe D. Keough aliomba ruhusa ya kuondoka kwa dharura ya kifamilia. Walibaki wajumbe wawili. Akidi haikutimia. Hoja ya kivuko cha posta imeahirishwa hadi Oktoba."

Hiyo Oktoba mume wa Lorna hakufika nayo mbali. Tarehe tatu, siku chache kabla ya kikao kilichoahirishiwa hoja, Wendell Thibodeau alitoka posta mchana kweupe, akaingia barabarani, na lori la magogo lililokuwa linashuka mlima kwa kasi yake ya kila siku likamuua. Matuta ya mpira ya kivuko hicho, ya kupunguza mwendo wa magari, yalikuwa yamelala stoo tangu Agosti. Msimamizi wa barabara alikuwa anangoja neno moja tu la bodi ayafunge. Aliyafunga siku ya pili baada ya maziko.

"Ulinificha, Phyllis."

"Nilikuhurumia. Ungejua ingekusaidia nini?" Phyllis aligeuka, akaona uso wa mwenzake, akaweka kikombe chini. "Mama yake Dermot alikuwa ameanguka kule kwenye nyumba ya wazee. Mtu na mama yake, utamwambiaje akae azungumzie matuta? Nikamwambia nenda, matuta hayana miguu."

"Alisema mama yake ameanguka."

"Ndivyo alivyosema."

Lorna alikaa. Jumanne ile ya kikao cha Septemba aliikumbuka vizuri sana, na hapa tusimsitiri. Wendell alikuwa amekwenda Bangor kwa kaka yake, na Lorna alimwandikia Dermot Keough ujumbe wa maneno machache: "Yuko Bangor. Njoo." Dermot alikuja giza halijaingia, akavua viatu mlangoni kama mwenye nyumba, akanywa bakuli mbili za supu ya mahindi. Lorna alimuuliza imekuwaje leo kawahi hivyo. Akajibu, "Kikao kimekwisha mapema." Lorna akacheka kwa furaha, akambusu.

Mji haukujua. Mji ulidhani mapenzi ya wawili hao yalianzia msibani, Dermot akiwa mmoja wa waliobeba jeneza, kisha yakakua polepole na kwa heshima zote. Watu wakayabariki kwa keki na mikate ya ndizi. Harusi ilikuwa Jumamosi hii.

Lorna akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Naegesha gari, mpenzi. Matope ya mwezi huu yatanimalizia gari. Nikuletee nini?"

"Usilete kitu. Njoo jikoni kwanza, kabla hujakaa."

Alikuja anatabasamu, mrefu, koti limefungwa nusu. Phyllis alikuwa ametoka kupanga viti. Lorna alimpa karatasi.

Dermot aliisoma akaendelea kuitazama hata alipokwisha kuisoma. Tabasamu lilikwenda zake.

"Nilitaka kukwambia," alisema.

"Lini? Kabla ya Jumamosi au baada?"

"Lorna, nisikilize..."

"Ulijua hoja ya kivuko ilikuwa jioni ile?"

"Nilijua."

"Na ulijua ukitoka wanabaki wawili?"

"Nilijua. Nilidhani ni mwezi mmoja tu. Ile barabara ilikuwa hivyo miaka arobaini, mwezi mmoja ungefanya nini?" Aliiweka karatasi mezani. "Kila siku najiuliza. Unadhani mimi nalala?"

"Unalala. Nimelala na wewe mwaka mzima, unalala vizuri kabisa."

Hilo lilimchoma. Na aliyechomwa hutafuta pa kurudishia, basi naye akasema lile ambalo Lorna alikuwa analingoja tangu aishike karatasi.

"Ujumbe ulikuwa wako. Mimi sikujiita."

"Ndiyo. Ulikuwa wangu. Hata nikitaka kuukana siwezi." Lorna hakulia. "Ila mimi sikujua nilikuwa nakutoa kwenye nini. Wewe ulijua. Ukaja ukaniambia kikao kimekwisha mapema, ukaniomba uongezewe supu. Halafu kwenye mazishi ukasimama mbele ya watu ukasema mji huu umemuua Wendell kwa uzembe wake. Mimi nikakushika mkono, Dermot. Nikasema moyoni, angalau huyu mmoja ana moyo."

"Nilimaanisha."

"Kila mtu alilaumiwa siku ile isipokuwa wewe. Yule kijana wa lori mpaka leo hagusi usukani."

Mlango ulifunguliwa kidogo. Phyllis aliingiza kichwa, akasema watu wameshakaa, na kwamba mjumbe mwenzao Clayton bado yuko Florida na joto lake, na mjumbe wa tano kapiga simu ana homa. Wajumbe watano, wamebaki watatu. "Tuko kwenye ukingo," alisema, "kwa hiyo naomba leo mtu asiende hata chooni." Akafunga.

Dermot alinong'ona, "Ukiondoka sasa hivi, kivuko kinakufa. Maombi mwisho kesho."

"Najua kuhesabu hadi tatu," Lorna alisema, akatangulia.

Ukumbini walikuwepo watu kumi na wawili kwenye viti vya kukunja, makoti magotini. Safu ya tatu alikaa Armand, kaka yake Wendell, ameendesha gari kutoka Bangor ili aone kivuko cha mdogo wake kinapitishwa. Alimwinamia Lorna kichwa. Lorna akamwinamia naye, akafungua daftari.

Kikao kilikwenda kama vikao vyote vya bodi hii. Walizungumzia wazazi wanaoacha magari yakinguruma nje ya shule robo saa nzima, wakakubaliana wawekewe bango. Mzee mmoja alilalamika kwamba mapipa ya mabaki ya chakula yanaita dubu. Basi la pamoja la wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi lilijadiliwa kwa mara ya sita, maana msongamano wa saa kumi jioni ulikuwa umeshafika hadi darajani, na kwa mara ya sita likaachwa lifikiriwe. Lorna aliandika kila neno. Mara mbili alitamani kusimama na kuondoka, Dermot abaki pale na kivuko chake kilichokufa na aibu yake. Kilichomzuia ni kwamba angekuwa amefanya lilelile alilofanya Dermot.

Kivuko kikafika. Kivuko cha kudumu, kilichoinuliwa, chenye taa, kwa sababu matuta ya mpira hung'olewa kila theluji ikikaribia ili magari ya kusafisha barabara yapite, na wakati wa baridi watoto wa shule huvuka wakijiombea. Phyllis alisoma hoja, akaita majina.

"Keough?"

"Ndiyo."

"Thibodeau?"

"Ndiyo."

"Na mwenyekiti, ndiyo. Imepita."

Watu walipiga makofi. Armand alifuta macho kwa kofia yake. Phyllis alishapata raha usoni, akauliza kwa mazoea tu kama kuna mengineyo.

"Nina marekebisho ya kumbukumbu," Lorna alisema.

"Za Februari?"

"Za Septemba, mwaka juzi. Pameandikwa kwamba mjumbe Keough aliondoka kwa dharura ya kifamilia. Naomba pasomeke hivi." Alikuwa ameyaandika kwenye daftari wakati wa mjadala wa mapipa, akayasoma kama yalivyo. "Hapakuwa na dharura. Mjumbe alitoka akaenda nyumbani kwa Lorna Thibodeau, ambaye mume wake alikuwa safarini. Lorna Thibodeau ndiye aliyemwita. Akidi ikavunjika kwa sababu hiyo."

Watu waligeuka kumtazama Dermot.

"Lorna," Phyllis alisema kwa sauti ya chini, "haya si ya hapa."

"Ni ya hapa. Hapa ndipo uongo ulipoandikwa."

"Umechoka. Tuahirishe."

"Tuliahirisha safari ile."

Phyllis alivua miwani. Alikuwa mwanamke wa kanuni, na kanuni anazijua kuliko mtu yeyote mjini: marekebisho yanahitaji mtoa hoja na muunga mkono, na mwenyekiti haruhusiwi kuunga mkono. Alibaki mjumbe mmoja tu. Dermot akinyamaza, hoja inakufa palepale, haiandikwi popote, na Lorna anabaki mjane aliyechanganyikiwa siku nne kabla ya harusi. Mjini watu wangemhurumia Dermot.

"Kuna anayeunga mkono?" Phyllis aliuliza.

Dermot alitazama meza. Alikuwa na mama mzee, na duka la vifaa vya ujenzi ambako nusu ya waliokaa mle walinunua misumari.

"Nauliza mara ya pili. Kuna anayeunga mkono?"

Lorna hakumtazama. Alishika kalamu, akangoja kama katibu anavyongoja.

"Naunga mkono," Dermot alisema.

Kura zilikuwa tatu, zote ndiyo. Mkono wa Phyllis ulipanda mwisho. Lorna akaandika, akatia saini, akafunga daftari.

Watu walitoka wakimkwepa, kila mmoja akijifanya anatafuta glovu zake. Armand peke yake ndiye aliyekuja hadi mezani. Lorna alisimama akitegemea kutukanwa, na alitaka atukanwe.

"Jumanne ile alikuwa kwangu, shemeji," Armand alisema.

"Najua."

"Alijua habari zenu. Aliniambia jioni hiyohiyo. Mimi nikasema rudi ukamfukuze. Akasema hapana, akupe muda, utarudi mwenyewe." Alivaa kofia. "Nilikuwa sijui kama nikwambie."

"Ningerudi, Armand?"

"Mimi nitajuaje? Wa kujua ni wewe."

Aliondoka. Lorna alizima birika, akakunja viti, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Dermot alimngoja nje ndani ya gari, taa zinawaka, lakini Lorna alipitia mlango wa nyuma, akaenda kwa miguu kwenye matope. Kabla hajafika kwake ujumbe wa Dermot ukaingia kwenye simu.

"Nimwambie nini mchungaji?"

Akasimama, akaandika jibu. "Mwambie hakuna Jumamosi."

"Niliunga mkono, Lorna. Ningeweza kunyamaza."

"Ndiyo. Asante kwa hilo."

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Nakupenda. Hilo halikuwa uongo hata siku moja."

Lorna aliusoma ujumbe huo mara mbili. Kisha machozi yaliyokataa tangu jikoni yakamjia yote, akaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi:

"Najua. Hata Jumanne ile ulikuwa unanipenda."