Kofia ya Mayunga Ukutani

Dutwa nzima hakuna mwanamke anayeongopa vizuri kama mimi, Milembe. Miaka sitini na saba sijakamatwa. Haya, nimekamatwa mara moja, na zilizonikamata ni taa za gari.

— Shika mkono, — alisema Mayunga, dereva mstaafu mwenye pikapu kuukuu na kofia ya pama asiyoivua hata akila.

— Taratibu. Goti limekufa tangu Jumapili.

Jumapili nilidumbukia shimoni. Kila akinirudisha kutoka mnadani, Mayunga alizima taa pale barabarani mwanangu Kristofa asione, nami nikapapasa gizani hadi mlangoni. Kristofa aliapa tulipomzika baba yake: siku nikipata mwanamume, nifungashe nimfuate. Nyumba yenyewe matofali nimefyatua mimi! Nimechoka kujificha, na kufungasha siwezi.

Mayunga akashinda wiki nzima kwa fundi redio, wakiunga rilei na kapasita.

— Kapasita ndiyo nini? — nilimuuliza.

— Kibuyu. Gari likiwaka kinajaa umeme. Ukizima, kinavuja kidogo kidogo. Kikikauka, rilei, ile swichi ya taa, inaachia, taa zinazima zenyewe. Mimi huku nimeshakushika mkono.

— Muda gani?

— Dakika moja.

— Kwa goti hili? Weka kibuyu kikubwa.

Ijumaa ikaingia meseji: "MILEMBE NIMEWEKA KIKUBWA. DAKIKA TATU. HUTAANGUKA TENA."

Ndiyo jioni hiyo sasa. Akazima gari, tukashuka, njia inamulikwa kama ya maharusi. Tukafika mlangoni mapema mno, kibuyu bado kimejaa. Komeo likalia. Mayunga, na uzee wake wote, akajitupa nyuma ya ua wa minyaa.

— Mwadila, mayu, — akanisalimu Kristofa kwa Kisukuma. — Umekuja na nani?

— Peke yangu. Kwa miguu.

— Na lile gari?

— Liko pale tangu mchana. Limeharibika.

— Mbona taa zinawaka?

— Ndiyo ubovu wenyewe.

Kristofa akageuka kutazama ukuta. Kivuli changu kilikuwepo. Pembeni yake kofia, pana kama ungo.

— Na huyo nani?

— Marehemu baba yako. Huwa anapita.

— Baba hakuvaa kofia hata siku moja.

Kristofa akaketi kizingitini kama aliyetoka kulima pamba ekari nzima.

— Mama, nimechoka. Miezi minane najifanya nimelala. Unadhani lile shimo kalifukia nani Jumatatu?

Sikujua hata kama limefukiwa. Nilidhani ni taa tu zilizonivusha.

— Kile kiapo nilikula kwa uchungu wa msiba, — akasema. Kisha akapaza sauti: — Mzee Mayunga! Toka humo, utomvu utakupofusha. Jumapili uje mchana na wazee wako, uniombe mama yangu kama watu.

— Mayunga gani? — nikauliza. — Mimi simjui Mayunga.

Ukutani, kofia ikavuliwa, ikasalimia.