Ufunguo Uliokataa Kukazwa

Rafiki yangu Wesley hutengeneza magitaa pale Suna, na si mtu wa kuzua mambo. Mchana mmoja Dolphine alimletea gitaa kuukuu la besi kutoka Homa Bay. Lilikuwa la kakake, aliyezama ziwani mwaka jana na hajaonekana hadi leo. Ufunguo wa kukazia waya mnene ulikuwa umelegea.

"Kaza tu, fundi. Jumapili kuna kijana atalipiga kanisani."

"Mama yako anajua?"

"Mama amekataa. Anasema mwenyewe hajazikwa."

Dolphine alipoondoka, Wesley aliziba tundu la skrubu kwa njiti ya kiberiti na gundi, akangoja ikauke, akakaza. Waya ukalegea. Akakaza tena, ukalegea tena, polepole, kama unaolegezwa na mtu asiye na haraka.

Mvua ikaanza, stima ikapotea, kibanda kikawa giza. Kwa hasira akaung'oa ule waya, akautia mfukoni. Hapo ndipo alipousikia ufunguo ukizunguka wenyewe bila waya: kri, kri, kri.

Stima iliporudi, aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikavu. Kwenye ufunguo palikuwa na alama ya kidole gumba, imelowa maji, na chembe za mchanga wa ziwa.