Diski Mbili za Boksi Moja

"Shangazi, chai iko jikoni."

Simu ikakatika.

Shangazi aliirudisha Nokia yake mkobani, akavua miwani na kuipangusa kwa ncha ya mtandio. Maana ya maneno yale aliijua. Malori ya Bwana Asante yalikuwa yamevuka mpaka, na yangefika kwenye godown kabla ya chakula cha mchana. Yalibeba sindano za watoto wachanga, zenye nembo safi na mihuri safi, ila ndani ya vichupa hamkuwa na dawa. Chaki na maji. Basi.

Alivuka barabara polepole, kama mtu mwenye goti bovu. Goti lake lilikuwa zima kabisa.

Mlangoni, mlinzi aliyeitwa Kifaru alimpekua mkoba juujuu: kitambaa cha kufuma, sindano zake, sega, pakiti ya biskuti. Chini ya kitambaa ilikuwapo bastola, Glock. Chini ya Glock, diski mpya, tupu. Kifaru aliishia kwenye biskuti. Nani ana muda wa kumpekua shangazi wa watu?

"Umefuata lile sanduku, mama?"

"Kulisafisha tu, mwanangu. Vumbi halina adabu."

Kifaru alichukua biskuti mbili, akamfungulia.

Kazini wote walimwita Shangazi, hata Mkuu. Jina lilianzia nyumbani. Watoto wa mdogo wake walikuwa wakipiga simu ofisini kumuulizia shangazi yao, na idara nzima ya ujasusi ikalidaka. Mdogo wake huyo naye alikuwa jasusi, na kazini alijulikana kama Fundi, kwa sababu alipenda kuingia kwenye nyumba za watu akiwa na mfuko wa vifaa vya umeme begani. Shangazi ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Mama yao alikataa, naye akamwambia mama asiwe na wasiwasi, mtoto atakuwa chini ya macho yake.

Jumanne iliyopita Fundi aliingia kwenye godown la Bwana Asante. Saa sita mchana alisema kwamba anazima redio kidogo, kuna watu wanakuja.

Hajatoka mpaka leo.

Na leo ilikuwa Jumanne tena.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ndogo nyuma ya ofisi ya Bwana Asante, kina feni, meza, na juu ya meza kisanduku cheusi chenye taa mbili za kijani. Wataalamu hukiita NAS. Watu wa kawaida hukiita sanduku la kuhifadhia mafaili ya ofisi, na wako sahihi. Kamera zote za godown zilimwaga picha zake humo, na humo ndimo zilimopita kwenda kwenye skrini ya Bwana Asante. Nyuma ya skrini hiyo Shangazi alibandika kidude kidogo kuliko kucha, kilichompelekea Mkuu kila kinachoonekana. Kilipeleka ya wakati huo tu. Ya Jumanne iliyopita hakuna aliyeitazama, na chenyewe hakikuhifadhi kitu. Hiyo ilikuwa ndani ya sanduku, kwenye diski, na hakuna njia ya kuipata ila kwa mkono.

Sanduku hilo alilichagua mwenyewe, hapohapo, mbele ya mwenye mali.

Siku ile alikuja kama mshauri wa kompyuta za ofisi ndogo. Bwana Asante alimpokea kwa asante tatu kabla hajakaa. Ndiyo tabia yake. Alimshukuru aliyemletea maji, alimshukuru hata mtu anayemwachisha kazi. Alitaka kununua diski moja ya nje, ya kuchomeka, ya bei poa. Shangazi akamuuliza: ikifa je? Maana diski zote hufa, bwana wangu, hata hizi zinazojidai. Basi tukodi nafasi kwenye mtandao, akasema Kifaru kwa kujitia mjuzi. Bwana Asante alimkata hapohapo. Vitu vyake vilale kwake. Akiba haiozi, lakini akiba iliyo kwa jirani si yako.

Shangazi alimpa ushauri wa haki kabisa, kwa sababu uongo mzuri hujengwa kwa ukweli. Chukua sanduku la diski mbili, alimwambia. Kila kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Chagua lenye milango kwa mbele, diski itoke na kuingia bila kuzima mashine. Nunua diski za kufanya kazi usiku na mchana, si hizi za kompyuta ya mezani. Nunua kubwa, maana picha za kamera zinakula nafasi, na nafasi ikiisha sanduku linafuta za zamani. Neno la siri ubadilishe leo hii, hata mimi nisilijue. Na hizo diski mbili nunua maduka tofauti.

Kwa nini maduka tofauti, Bwana Asante aliuliza.

Kwa sababu zilizotoka kiwandani siku moja huzeeka siku moja.

Alishukuru. Neno la siri akalibadilisha. Kesho yake Shangazi alipokuja kufunga mitambo, akakuta diski mbili ndogo zimetoka boksi moja, zimelala kwenye pamba moja, namba zake zinafuatana. Picha zingekaa siku saba, basi. Bwana Asante alikuwa amepata punguzo na alifurahi nalo kama mtoto. Shangazi alifungua mdomo. Akafikiria kazi iliyomleta, na namna mshauri mbishi anavyofukuzwa.

Akanyamaza.

Fundi alipopotea, aliomba ruhusa kila siku aingie aitoe diski moja. Mkuu alikataa kila siku. Sanduku lisiguswe mpaka mzigo uvuke, Bwana Asante asishtuke. Sasa mzigo ulikuwa umevuka, na picha za Fundi zilikuwa zimebakiwa na muda wa kupika maharage.

"Unanipata?" alinong'ona.

Kifaa cha wasiosikia vizuri alichovaa kikakoroma. Mkuu alikuwa ndani ya Toyota ya kampuni ya kufulia nguo, mtaa wa pili.

"Nakupata. Malori yako kwenye mzunguko wa barabara wa mwisho. Matatu, yanafanana."

"Skrini mnaiona?"

"Tunaiona vizuri. Watahamisha mizigo humo ndani, halafu kila lori litatoka na njia yake. Nina watu wa kufunga njia moja. Usitupofushe, Shangazi."

"Sitawapofusha."

Alijua anachokifanya. Alizima king'ora kidogo cha sanduku kwa kitufe cha nyuma, akabana mlango wa kushoto, akavuta. Diski ikatoka, ya moto mkononi. Humo alikuwamo Fundi, anashuka ngazi na mfuko wake, na humo walikuwamo waliomchukua, nyuso zao, gari lao. Taa ya kulia ilibaki ya kijani. Kule ofisini skrini haikupepesa. Akaiweka diski mkobani chini ya kufuma kwake, akasukuma ile tupu mahali pake, na sanduku likaanza lenyewe kumimina ya kulia kwenda kushoto, bila kumuuliza mtu neno la siri.

Kwa mara ya kwanza wiki nzima alipumua mpaka chini.

Mlio wa lori la kwanza ukaingia getini.

Ndipo aliposikia.

Tak.

Akainama, akaweka sikio kwenye sanduku.

Tak. Tak. Tak.

Kuimimina diski nzima ni kazi nzito kuliko zote. Ndiyo inayoziua zilizochoka. Ile ya kulia, pacha wa boksi moja, ilikuwa imechoka. Taa yake ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikazimika. Nyuma ya ukuta kiti cha Bwana Asante kikasukumwa.

"Shangazi, picha zimekata huku."

"Dakika moja, bwana wangu. Vumbi."

"Asante."

Sikioni Mkuu hakushukuru. "Tumepofuka. Malori yako ndani. Shangazi, tumepofuka."

Alisimama katikati ya stoo, mikono yake miwili haina la kufanya. Diski tupu peke yake haikufaa. Kuiandaa upya kungetaka neno la siri na nusu siku. Diski moja tu iliyokuwa hai ingeweza kuyarudisha macho. Ilikuwa mkobani mwake.

Na alijua sanduku likiamka nayo litafanya nini. Litarekodi ya leo juu ya ya zamani. Litafagia kilichotimiza siku saba. Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia sita.

Mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo mama yao aliwaambia wakiwa wadogo, wakigombania vipande viwili vya mkate, na Fundi ndiye aliyekuwa akicheka.

"Kuna njia nyingine?" aliuliza.

"Ukiijua, nipe."

"Nakuuliza wewe."

Mkuu akasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, "Wameanza kushusha, dada. Namwona mlinzi anafunga geti tu. Ndani sioni kitu."

Watoto wachanga aliowafikiria hawakuwa na sura. Fundi alikuwa na sura. Alikuwa na kovu kwenye nyusi, alilolipata alipoanguka kutoka mgongoni kwa dada yake. Shangazi alitaka kutoka na mkoba wake, apite kwa Kifaru, ampe biskuti zilizobaki, aende. Alitaka hivyo kwa moyo wote, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Akarudi.

Akavuta diski iliyokufa, akaiweka mezani; akavuta na ile tupu, akaitia mkobani. Akasukuma ya Fundi mahali pake. Akabonyeza kitufe cha kuwasha upya.

Sanduku lilifikiri kwa muda mrefu, feni ikivuma, taa ikipepesa. Kisha ikawa kijani.

"Tunaona," alisema Mkuu. "Tunaona. Wanapakia lori la mwisho. Turubai ya kijani. Mawili mengine wanayajaza matairi."

"Fuateni la kijani."

"Limetoka, limeshika barabara ya machimbo. Nimepata. Watu wote, barabara ya machimbo."

Kufuma kwake kulikuwa mkobani, lakini hakukugusa. Alikaa akiitazama saa ya ukutani ikipita sita. Hakuna kilicholia wala kilichobadilika rangi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika bila hata mlio.

Kisha Mkuu akasema neno moja: "Tumelikamata."

Nje breki zikapiga kelele. Kifaru alipiga magoti bila kuambiwa, mikono kichwani, makombo ya biskuti mdomoni. Mlango wa stoo ukapigwa teke, na Bwana Asante akaingia na nyundo, macho yake kwenye sanduku.

Akaikuta Glock. Nyuma yake, mwanamke mwenye miwani.

Nyundo ikashuka taratibu mpaka sakafuni.

"Shangazi," alisema. Hakuonekana kushangaa sana. "Kumbe."

"Fundi wa umeme. Jumanne iliyopita. Mlimpeleka wapi?"

"Kwani kamera si ulifunga wewe? Angalia."

Bwana Asante aliitazama taa moja ya kijani, akatazama diski iliyokufa juu ya meza, akatazama saa ya ukutani. Hakuwa mjinga. Uso wake ukajaa tabasamu lake la kila siku.

"Siku saba," alisema. "Uliniambia ninunue kubwa. Sikukusikia. Asante sana."

Kidole cha Shangazi kilikuwa kwenye kifyatulio cha bastola. Kilikaa hapo. Mkuu aliingia na vijana wake, akamwondolea bastola mkononi taratibu, akamwambia asijali, watamhoji. Shangazi aliwahi kuwaona watu wa aina hii wakihojiwa. Wakili wa Bwana Asante alikuwa njiani hata kabla ya pingu. Angekaa kimya na kushukuru kila aliyempa maji, na siku moja angetoka, au ndugu yake angekodi godown lilelile.

"Umefanya kazi kubwa leo," alisema Mkuu.

"Diski iliyo ndani ni ya mahakama. Msiizime vibaya."

"Na ya mdogo wako?"

"Ni hiyohiyo."

Mkuu akaitazama saa ya ukutani.

Shangazi alipita kati ya vijana wenye bunduki, mkoba begani, mtandio sawa. Wakampisha kama wanavyompisha shangazi wa watu. Nje jua lilikuwa kali. Lori la turubai ya kijani lilikuwa likirudishwa kinyumenyume kwenye uwanja, na askari mmoja alivunja kichupa juu ya lami. Maji meupe ya chaki yakatoka. Kuna wodi fulani isingepokea maji hayo wiki hii. Alijilazimisha kulitazama hilo mpaka likae kichwani, kisha akaendelea kutembea, haraka sasa, goti zima, hakuna wa kumdanganya.

Kwenye kona simu ikatetemeka. Alijua ni nani kabla ya kutazama. Wifi yake, mke wa Fundi, alipiga kila siku baada ya saa sita, watoto wakishakula.

"Wifi, shikamoo. Wamekuruhusu kuingia leo?"

"Marahaba. Wameniruhusu."

"Picha umeipata?"

Nyuma ya wifi yake sauti ndogo ilikuwa ikiuliza kama ni shangazi, na kama baba yuko naye.

Shangazi alibadilisha mkoba bega. Ulikuwa mzito kwa diski tupu.

"Bado, wifi," alisema. "Kesho nitajaribu tena."

Akakata simu, akaiweka sawa miwani, akavuka barabara.