Miche Iliyomshinda Mama Pima

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Mama Pima. Alipima kila kitu, si nguo tu. Akiona meza imekaa upande, hali chakula mpaka ainyooshe. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Lori lilipouzwa, kazi ikaisha. Alikuwa amekaa nyumbani miezi minane. Alifagia, alipika, akabaki kimya. Ukimya huo ulimuumiza sana mkewe.

Siku moja tangazo lilibandikwa mlangoni pa zahanati. Nyuma ya zahanati palikuwa na kiwanja kitupu. Familia ambayo ingeleta miche ishirini bora ya maboga siku ya sherehe ya zahanati, mwezi uliofuata, ingepewa kiwanja hicho ilime miaka mitano.

"Hicho ni chetu," alisema Mama Pima.

"Mke wangu, sisi hata nyanya hatujawahi kupanda."

"Kwani nilizaliwa na cherehani?"

Wakapanda mbegu kwenye makopo, wakayapanga chini ya dirisha. Siku ya nne Mama Pima alifukua kopo moja kwa kidole. Mzizi mweupe ulikuwa umeanza kutoka, nao ulitazama juu.

"Masikini! Tumezipanda kichwa chini!"

Kitambaa kina uso na mgongo. Ukishona kinyume, umeharibu. Mama Pima akaona mbegu nazo ni vivyo hivyo. Akazifukua zote, akazigeuza. Kesho yake akazigeuza tena. Mizizi michanga ikakatika, mbegu zikaoza.

Jirani yao alikuwa bibi shamba mstaafu. Alipokuja kuchukua gauni lake, akaelezwa mkasa huo. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mwenzangu, mbegu si nguo za kuanika!"

Akaomba glasi na kipande cha kitambaa. Akakilowesha kitambaa, akakiweka ndani ya glasi. Kati ya kitambaa na glasi akabana maharage matatu.

"Tazama kwa macho. Mikono yako ikashone."

Baada ya siku chache mizizi ilitoka, ikashuka. Bibi shamba akailaza glasi ubavu. Kesho yake ncha za mizizi zilikuwa zimepinda, zinashuka tena.

"Nani kaiambia?" aliuliza Mama Pima.

"Dunia. Dunia huvuta kila kitu kwenda chini. Mkasi ukikuponyoka, unaenda wapi?"

"Mguuni kwangu!"

"Basi. Ndani ya ncha ya mzizi mna chembe ndogo sana, nzito. Zinatua upande wa chini. Hapo mzizi unajua chini ni wapi, unaelekea huko. Shina nalo linakwenda kinyume. Linapanda juu, hata likiwa gizani udongoni."

"Kwa hiyo mbegu ikilala vibaya?"

"Mzizi na shina vitapata njia vyenyewe. Wewe tia maji kiasi, uiache."

Wakapanda tena, makopo ishirini na tano. Safari hii Mama Pima alijizuia, ingawa vidole vilimwasha. Mbegu zote zikaota. Alifurahi akaimba.

Lakini baada ya siku chache miche yote ilikuwa imeinamia dirishani. Shingo zilikuwa ndefu na nyembamba. Kuona vitu vimepinda, Mama Pima hakuvumilia. Akachukua vijiti na uzi, akaifunga miche yote iwe wima. Mitatu ikavunjika mikononi mwake. Kesho yake mingine ilikuwa imepinda tena juu ya uzi, inatazama dirisha.

Mama Pima akakaa sakafuni, akalia. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika siku ya zahanati. Mumewe ndiye aliyekimbia kumwita bibi shamba.

"Miche inafuata mwanga," alieleza bibi shamba. "Mwanga ukitoka upande mmoja, upande wa shina ulio kivulini hurefuka zaidi. Sasa niambie wewe fundi. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, inakuwaje?"

Mama Pima akafuta machozi. "Nguo hujikunja kuelekea upande mfupi."

"Umejijibu! Usilifunge shina. Lipe mwanga kutoka juu."

Wakakata nyuzi. Mumewe akaichukua kazi ya kuipa miche mwanga. Siku za kwanza aliitoa miche nje asubuhi tu, isiungue. Kisha akaiacha uani kutwa nzima, mwanga ukiiangukia kutoka juu. Mashina yakaacha kuinama, yakanenepa, yakasimama. Ilibaki miche ishirini na miwili, na yote ilikuwa mizuri.

Siku ya zahanati watu walijaa. Miche ya familia nyingine ilikuwa imefungwa kwenye vijiti. Muuguzi mkuu wa zahanati, aliyekuwa mwamuzi, alipofungua kamba, ililala chali. Akafika kwa Mama Pima. Akautoa mche mmoja kwenye kopo. Mizizi ilikuwa imeshuka vizuri. Shina lilisimama lenyewe.

"Mmefanyaje?" aliuliza.

Mama Pima alifungua mdomo, lakini mumewe alimtangulia. Yule mtu kimya alieleza yote mbele ya umati: mzizi na mvuto wa dunia, shina na mwanga. Alisema hata la mbegu kugeuzwageuzwa. Watu wakacheka, mkewe akacheka zaidi yao. Kisha wakapiga makofi, na muuguzi mkuu akamkabidhi mumewe ufunguo wa lango la kiwanja.

Alasiri hiyo hiyo mumewe alisimama katikati ya kiwanja, jembe mkononi, udongo hadi magotini. Macho yake yalijaa machozi ya furaha.

"Nina kazi," alisema. "Mke wangu, nina kazi!"