Waya Mwembamba Kuliko Unywele

Asubuhi hiyo Fundi Saa aliangusha skrubu ile ile mara tatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Mkewe alipiga magoti, akaitafuta chini ya meza. Wote wawili walijua kwamba fundi wa saa asiye na mkono mtulivu hana kazi. Fundi aliogopa, tena sana.

Mara akaingia binti wa dada yake, mfanyakazi wa maabara.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuletea kitu cha kuangalia kwa kioo chako cha kukuzia."

"Marahaba. Lete tuone."

Ndani ya kichupa alichompa mlikuwa na waya. Fundi alibana kioo chake jichoni.

"Lo! Mwembamba kuliko unywele! Waya huu unafanya kazi gani?"

"Unapima dopamini. Ni kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea vizuri. Kwa ugonjwa wako huu wa kutetemeka, inapungua."

"Utajua na ninayowaza?"

"Hapana, mjomba. Kemikali tu. Na bado tunaujaribu maabarani, haujafika kwa wagonjwa."

"Anayowaza nayajua mimi, bila waya," mkewe alisema. Wakacheka.

"Basi mimi nitapimwa na nini?"

"Na daftari. Dawa yako ndiyo inayoongeza dopamini. Unameza saa ngapi?"

Fundi akakohoa kidogo. "Siku za kazi, mkono ukianza vituko vyake. Siku nikifunga duka, naipumzisha, siimezi."

"Mjomba! Saa ya kutia ufunguo, unangoja isimame ndipo uitie?"

"La hasha! Unaitia kila siku, wakati ule ule. Kumbe!"

Kwa wiki mbili mkewe aliandika yote: saa ya dawa, saa ya chakula, saa mkono ulipotulia. Wakapeleka daftari kwa daktari. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akampangia saa za kumeza dawa kabla ya kula. Akamwonya asiruke hata siku moja, wala asijiongezee.

Mkono haukupona kabisa. Lakini saa za utulivu zilirudi, na Fundi alijua zinakuja lini. Saa ya kwanza aliyotengeneza ilikuwa ya mkewe, iliyokufa tangu mwaka jana. Alimfungia mkononi mwenyewe.

"Inakwenda?"

Mkewe aliiweka sikioni, machozi yakamlengalenga. Kisha akaitazama vizuri.

"Inakwenda, baba. Na inasema umeze dawa."