Kikohozi Kilichofutwa

Haya yalimkuta rafiki yetu mmoja, mpiga gitaa wa muziki wa roki. Kampuni ya betri ilimtaka akusanye nyimbo zake za zamani kwenye CD moja, ya kugawiwa bure kwa wateja. Meneja wa kampuni alizipenda zote, ila kikohozi cha mpiga ngoma kilichosikika kabla ya wimbo wa kwanza.

"Hicho kitoe, bwana. Kinatuharibia tangazo."

Mpiga ngoma alikuwa mdogo wake rafiki yetu, na ugonjwa wa kifua ndio uliomuua. Rafiki yetu akajiambia ni kikohozi tu, akakifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana mmoja alikwenda kwenye ghala la kampuni, lisilo na dirisha, kutia sahihi CD hizo. Umeme ukakatika, ghala likawa giza totoro. Katikati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, mtu akakohoa. Kisha vijiti vya ngoma vikagongana, moja, mbili, tatu, nne, kukawa kimya pale pale ambapo gitaa huingia.



Vijiti vikaanza upya, taratibu zaidi, kama mdogo wake alivyozoea kumhesabia kila alipochelewa kuingia.