Kitovu cha Issa Chini ya Maua ya Njiani

Ua lililong'olewa na kupandwa Alhamisi halichanui Ijumaa. Linanywea kwanza, linajifanya limekufa, kisha wiki ikipita linajikusanya. Mwenye bustani yeyote wa Gongoni atakwambia. Ya Shamila yalichanua Ijumaa asubuhi, mashina yote matatu, mekundu, yameinamia dirisha la chumba alicholala mwanawe mchanga, Issa.

Shamila alifurahi, tena sana. Mzazi wa siku sita, mama mkwe wake Bi Doto kamfungia ndani mpaka arobaini iishe, starehe yake ilikuwa kuchungulia bustani. Alishachoka na maua ya msimu, unapanda masika, kiangazi yamekuwa kuni. Alitaka yenye viazi ardhini, yanayorudi yenyewe kila mwaka, akamwomba mumewe amtafutie.

Adinani ni fundi baiskeli, hodari wa spoku, mvivu wa kuuliza. Aliyakuta nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara, yameota mstari mmoja wa urefu wa mtu, yamezungushiwa mawe. Jamani! Nani apande maua porini ayazungushie mawe? Adinani hakujiuliza. Aling'oa maua, na mawe akayabeba, ya kupambia ukingo.

Kosa la pili ni la Bi Doto. Jumamosi kitovu cha Issa kilidondoka, naye akakifunga kitambaa cheupe na kukizika bustanini, kama vilivyozikwa vya wote waliozaliwa nyumba ile, ili mtoto ajue kwao. Alikizika chini ya shina la katikati, kwa kuwa ndilo lililompendeza.

Jumapili Issa alikataa ziwa.

Aligeuza uso akalitazama dirisha. Hospitali walimlisha kwa mrija, akachangamka, lakini kila aliporudishwa nyumbani alifumba mdomo tena. Maziwa yalimjaa Shamila mpaka kanga ikalowa, naye akalia kwa uchungu na kwa hofu ya kumzika mwanawe wa kwanza.

Jumatano alasiri, jua linawaka, chumba kilinuka tumbaku na jasho.

"Mama, umesikia?" Shamila alinong'ona.

"Punda wa maji hao," alijibu Bi Doto.

Punda gani wasio na kwato? Zilikuwa nyayo za watu, nyingi, zinaburuzika kando ya ukuta nje ya dirisha, zinapita na kupita bila kumaliza kupita, na katikati yake mtu mmoja akihema kama aliyetua mzigo, akihema karibu zaidi na zaidi mpaka pazia likawa linavutwa na kusukumwa na pumzi yake, na Issa, ambaye siku tatu hakutoa hata kilio, akacheka.

Bi Doto alitoka mbio bila viatu. Alirudi na mganga Jilala, wamepakiana kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mzee," Adinani alimpokea.

"Marahaba." Jilala aligoma kuvuka geti. "Maua haya kayaleta nani?"

"Mimi."

"Na mawe yake?"

Adinani akaonyesha ukingoni.

"Umehamisha kaburi zima, kijana. Hapo alilala mpagazi, mbeba mizigo ya misafara kichwani, aliyefia njiani, na jini la njia lilikuwa linamlinda. Sasa liko kwako."

"Yarabi!" Bi Doto alijishika kichwa. "Na mimi nimezika kitovu hapo!"

"Basi limepewa mtoto. Ndiyo maana hataki ziwa la kwako. Nani anyonye ugenini?"

Walichimba upesi. Kitambaa kilikuwa kimefunguka, na mizizi imekikumbatia kitovu, haiachi. Adinani alipoigusa kwa kisu, Issa alipiga ukelele ndani. Akagusa tena, ukelele tena.

Shamila akatoka, arobaini au si arobaini, mtoto kifuani. "Acha! Usikate!"

"Nisipokata kitaenda na maua, mama Issa."

"Kiende."

Jilala alimtazama. "Kikizikwa kule, kwao kutakuwa kule. Umenielewa, binti?"

"Atanyonya?"

"Atanyonya."

"Basi pelekeni. Pelekeni sasa hivi!"

Waliyarudisha maua na mawe yote, jiwe kwa jiwe, kabla ya magharibi. Adhana ilipoanza Issa alilidaka ziwa, akanyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, na Shamila akacheka huku machozi yanamtoka. Nyumba ikatulia. Mtoto akanenepa, majirani wakamsifia mashavu.

Alikuwa na miezi kumi aliposimama mara ya kwanza. Ilikuwa sebuleni, asubuhi, baada ya chai. Bi Doto akapiga kigelegele, Adinani akachutama na kumnyooshea mikono, "Njoo, baba, njoo!" Issa hakumtazama. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja wazi, akakaza shingo kama mtu aliyetwishwa, akageukia mlango wa nje, akaanza kutembea.